UPS iliandika dakika 31, ikazima kwa dakika 4: batri za seva tunabadilisha lini?

Fundi_Himbi

Wandugu, habari za kwenu. Uzi huu ni mrefu, lakini naomba mnivumilie maana naamini tuko wengi tunaolinda seva kwa kubahatisha.

Nafanya kazi kwenye koperative ndogo ya akiba hapa Goma. Tuko na seva mbili, swichi, ruta na redio ya intaneti ya juu ya paa, vyote pamoja vinakula kama wati 650. Nyuma yake iko UPS ya VA 3000, kile kifaa cha batri kinachoshikilia seva umeme ukienda (wengi huku tunaiita ondulere), ndani yake batri nne za volti 12 ampea-saa 18, zimeunganishwa mfululizo kufika volti 48. Mwezi uliopita siku ya Jumanne, saa tisa mchana, umeme ukaenda. Niko mlangoni nasubiri grupu (jenereta) iwashwe, sina hofu yoyote, kioo cha UPS kinaandika asilimia 100, dakika 31. Dakika ya pili kinaandika 29. Dakika ya nne ikatoa mlio mmoja mrefu na chumba kizima kikanyamaza. Aliyewahi kusikia feni za seva zikinyamaza zote kwa mara moja anajua tumbo linavyokaza. Databezi ilikuwa katikati ya kufunga hesabu za siku, tulikesha mpaka saa nane usiku tunarudisha bekapu na kuingiza kwa mkono risiti za wamama wa soko waliokuja kuweka akiba mchana ule, karatasi moja moja, na hatukuondoka mpaka kila senti ya kila mama imeonekana.

Kesho yake nikazima UPS, nikavua pete na saa (tafadhali vueni, volti 48 zikipita kwenye pete ya chuma kidole kinaungua mpaka mfupa), nikavuta trei. Kwa macho batri zote nne nzuri, hakuna iliyovimba, hakuna iliyovuja. Nikapima na multimita zikiwa zimepumzika: 12.8, 12.7, 12.8, 12.7. Mtu yeyote angesema ziko nzima. Halafu nikachukua balbu tatu za taa za mbele za gari, wati 55 kila moja, nikazifunga pamoja ili zivute ampea zinazokaribiana na zile seva zetu zinavuta, nikaanza kuwashia batri moja moja kwa dakika moja. Ya kwanza ikakaa 11.9. Ya pili 11.9. Ya nne 11.8. Ya tatu ilianguka palepale mpaka 9.6 na bado inateremka, balbu zinageuka njano mbele ya macho yangu.

Hapo nikaelewa. Batri ya volti 12 ndani yake kuna seli sita za karibu volti 2, na moja ya zile sita imekufa. Ikipumzika inaonyesha volti kama wenzake, ukiipa kazi inaanguka. Na kwa vile zote nne ziko kwenye mstari mmoja, ampea zilezile zinapita kwa kila mmoja, basi mgonjwa mmoja anawalaza wote. UPS yenyewe inaangalia jumla tu, ilipoona jumla imeteremka chini ya kiwango chake cha kukata ikakata. Zile dakika 31 hazikuwa kipimo, yalikuwa makadirio yaliyotokana na hesabu ya zamani. Na lile jaribio inalojifanyia yenyewe kila siku 14 ni la sekunde chache, ilipita kila mara.

Batri hizi zina miaka miwili na miezi minne tu. Muuzaji alisema mitano. Sasa mama mkurugenzi ananiuliza kitu cha haki kabisa: "kila baada ya muda mnaniletea karatasi ya batri, ni mpaka lini, na mnajuaje kama wakati umefika?" Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Nibadilishe hiyo moja au zote? Na hizi zingine nitajua vipi kabla hazijanilaza tena?

Kijana_Birere

Pole sana mkubwa. Mimi natengeneza UPS na vitu vya sola huku Birere, mtaa wa hapa Goma, nakuja na jibu la swali la kwanza haraka: zote nne, siku moja, aina moja, na kama inawezekana katoni moja. Ukitia mpya moja kati ya wazee watatu, chaja inasukuma volti 54 na kitu kwa kundi zima haijui nani ni nani, mpya inajaa mapema inaanza kuchemshwa bure, wazee wanabaki na njaa, baada ya miezi michache hata ile mpya imekuwa mzee. Nimeona hiyo kazi ikirudi mezani kwangu mara nyingi, mteja analia pesa.

Ila hizo tatu nzuri usizitupe, zinaweza kuwasha taa ya LED ya mlinzi mwaka mzima. Ile mbovu usiwape watoto wanaokusanya chuma, wakiivunja kuyeyusha risasi (ile metali nzito ya ndani) nyuma ya nyumba ule moshi unaingia kwa watoto wote wa parsele (kiwanja), rudisha kwa duka linalopokea mbovu.

Kuhusu kununua. Nenda na mizani. Nasema kweli, mizani. Risasi ni nzito, haiwezi kudanganya. Batri ya kweli ya 12V 18Ah inakaribia kilo tano na nusu. Mwezi wa jana mteja aliniletea yenye maandishi mazuri kabisa ya 18Ah, kwenye mizani kilo 3 na gramu 900, yaani ndani kuna risasi ya batri ndogo iliyovishwa koti kubwa. Halafu pima volti hapohapo dukani kabla hujatoa dola. Mpya iliyotunzwa inasoma karibu 12.8, ikisoma chini ya 12.4 ujue imekaa rafuni au kwenye kontena muda mrefu bila kuchajiwa, hizi zinatakiwa zichajiwe kama kila miezi sita hata kama hazitumiki, zisipochajiwa sahani zinashika ukoko wa salfati na hautoki tena. Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi imechapwa kama namba ndogo ubavuni au juu karibu na vichwa.

MtuWaKatuba

Bakubwa ba Goma jambo yenu. Mimi niko Lubumbashi, seva za kliniki. Ndugu Fundi, ninyi huku kwenu kuna baridi ya Mungu, mita 1,500 juu ya bahari na ziwa pembeni, batri ikikufa kwa miaka miwili kuna sababu ingine na utaitafuta. Sisi huku adui ni joto.

Mwaka juzi mwezi wa kumi, wakati ule mvua haijaanza na bati linawaka, klimatizasyo (kiyoyozi) ya chumba cha seva iliharibika, ikakaa wiki tano bila kutengenezwa juu ya karatasi za ofisi. Nilikuwa naingia mle jasho linanitoka, kipimajoto cha ukutani 36, 37. Batri za UPS zilikuwa na miezi 18. Siku ya kuzibadilisha hazikutoka kwenye trei. Zilikuwa zimevimba mbavu mpaka zimebana chuma, tulifungua UPS nzima kwa bisibisi, na ndani kuna harufu ya yai bovu. Harufu ile si ya kuzoea wandugu, ni gesi mbaya, batri imechemka. Ukiisikia zima chaja, fungua madirisha, toka nje kwanza.

Sheria yenyewe ya wataalamu wa batri za risasi ni rahisi: ile miaka iliyoandikwa inahesabiwa kwa joto la nyuzi 20 mpaka 25, na kila nyuzi kama 8 mpaka 10 zikizidi hapo, umri unakatwa nusu. Batri ya miaka mitano kwenye chumba cha 35 ni batri ya miaka miwili na nusu. Kwenye 45, hesabu wewe mwenyewe. Na joto la kuangalia ni la batri, sio la chumba. UPS iliyowekwa chini ya rafu ambapo seva zinapumulia mgongoni inaoka batri zake hata kama wewe mlangoni unasikia baridi. Tia mkono juu ya kile kifuniko cha mbele, kama ni joto kama sahani ya bukari (ugali) iliyotoka jikoni, sogeza.

Mimi sasa sisubiri jaribio. Kila miaka miwili nabadilisha zote, nzima au mbovu. Ni kliniki, kuna friji ya damu kwenye laini ileile, sitaki kujua batri ilikuwa bado inaweza kwenda miezi sita.

Ndosho243

Naongeza kitu kimoja ambacho watu wa Goma tunasahau. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilitema tarehe 22, halafu tarehe 27 likatoka agizo la kuhama, watu wakaondoka usiku na mchana, wengine Sake, wengine wakavuka Gisenyi, wengine boti mpaka Bukavu. Ofisini kwetu hakuna aliyekumbuka UPS. Umeme ulikatika, seva zikazima, batri zikaisha mpaka chini, halafu zikakaa tupu hivyohivyo siku zaidi ya kumi na mbili mpaka tuliporudi. Zilikuwa na miezi mitano tu. Tulizichaji usiku kucha, zikasoma volti nzuri, zikatoa dakika sita badala ya ishirini na tano. Batri ya risasi kuiacha tupu ni kuiua, hata kama ni mpya.

Tangu siku ile tuko na karatasi imebandikwa kwa mlango wa chumba cha seva kwa maandishi makubwa: tukiondoka, zima seva, zima UPS, VUTA PLAGI YA BATRI. Ile plagi ya ndani, nyuma ya kifuniko. Maana UPS nyingi hata ukizima kitufe bado inanyonya kidogokidogo. Anayefunga ofisi kwa likizo ya mwezi mzima afanye vilevile.

Fundi_Himbi

Asanteni sana, kila mmoja. Yaya (kaka) wa Lubumbashi ameniambia nitafute sababu ingine, nimeitafuta, na nimeipata, na imenibadilisha mawazo yote.

Nilifungua kumbukumbu za UPS kupitia kompyuta. Sikuwahi kuzisoma, ukweli ni huo, nilikuwa naangalia kioo tu. Ndani ya siku 30 UPS imeruka kwenda kwenye batri mara 212. Umeme ulikatika kwetu labda mara 40 mwezi ule. Sasa hizo zingine zimetoka wapi?

Nikakaa nazo jioni mbili, nikalinganisha saa. Kundi la kwanza ni kati ya saa kumi na mbili na saa nne usiku, wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi. Volti zinateremka mpaka 170, 165, UPS inajitahidi kuinua mpaka inashindwa, inaruka kwenye batri kwa dakika mbili, inarudi, inaruka tena. Ofisi imefungwa, mimi niko nyumbani nakula, batri inapigwa kila siku gizani. Kundi la pili lilinishangaza zaidi, ni wakati grupu IKIWA INAWAKA. Grupu yetu ni ya zamani, mtu akiwasha fotokopi inashtuka, mzunguko unacheza, UPS inasema huu sio umeme ninaoujua na inakataa, inabaki kwenye batri huku mafuta yanaungua nje. Ndio maana siku zingine grupu inazimwa na batri iko tayari nusu.

Na kurudi kujaa sio haraka. UPS inarudisha sehemu kubwa kwa saa chache za kwanza, lakini zile asilimia za mwisho zinachukua saa nyingi, kabla hazijafika umeme umeenda tena. Kwa hiyo batri inalala na njaa kila siku, salfati inajenga, sawa na alivyosema Kijana kuhusu zile za rafuni. Batri hizi zilitengenezwa kwa kazi ya kusubiri, kwa nchi ambayo umeme unaenda mara mbili kwa mwaka. Sisi tumezipa kazi ya kila siku. Muuzaji hakudanganya kusema miaka mitano, alikuwa anaongelea kazi ingine.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa nusu. Kabla ya kuuliza nabadilisha lini, nilipaswa kuuliza batri yangu inafanya kazi gani. Kama inafanya kazi isiyo yake, nitabadilisha mpaka nizeeke.

Tayari nimefanya mambo mawili bila kununua kitu. Nimeingia kwenye setingi nikashusha usikivu wa UPS kutoka juu mpaka chini ili isishtuke kwa kila mtikisiko wa grupu, na nimemwita fundi wa grupu akarekebisha gavana, kile kinachoshika mwendo wa injini. Wiki ya kwanza baada ya hapo miruko imetoka karibu 50 kwa wiki mpaka 19. Ile ya volti za jioni bado, inadai stabilaiza (kirekebisha volti) kubwa mbele ya UPS au kitu kingine.

MamaKadutu

Wanangu poleni kwa kazi, mimi nasimamia seva za shule huku Bukavu, umeme wetu unatoka mabwawa ya mto Ruzizi na jioni ni hadithi ileile ya volti kulala. Nimesoma yote. Nauliza hivi, muuzaji mmoja ananiambia mama achana na risasi, mimi nakuletea lithiamu za volti 12 nne, unatoa za zamani unachomeka hizi kwenye UPS yako ileile, miaka kumi hutanitafuta. Bei yake ni zaidi ya mara tatu. Nikubali?

MtuWaKatuba

Mama heshima yako. Hapana, sio kwa namna hiyo. Lithiamu yenyewe ni nzuri, tatizo ni ndoa anayotaka kuifunga.

Chaja ya UPS yako imepangwa kwa risasi, inashika kama volti 13.6 kwa kila batri siku zote. Lithiamu ya fosfati ya chuma ina seli nne za 3.2, inataka kuchajiwa 14.2 mpaka 14.6 na halafu kupumzishwa, kwa hiyo pale haijai vizuri na kidhibiti chake cha ndani hakipati nafasi ya kusawazisha seli. Hilo dogo. Kubwa ni hili: risasi ikiisha volti inateremka polepole, UPS inasoma mteremko inakadiria dakika. Lithiamu volti yake inakaa palepale karibu mpaka mwisho halafu kidhibiti kinakata kama panga. UPS itakuandikia dakika 40 mpaka sekunde ya giza. Yale yaliyompata Fundi kwa batri mbovu, wewe yatakupata na batri nzima. Na hizo nne kila moja ina kidhibiti chake, zikiwa mfululizo mmoja akikata wote wamekatwa.

UPS zinazotoka kiwandani na lithiamu zipo, hizo ni sawa, chaja na kidhibiti vinaongea. Kwa hii ya kwako baki na risasi ndani. Kama uko na pesa ya lithiamu, iweke MBELE ya UPS: inveta (mashine inayogeuza umeme wa batri uwe kama wa ukutani) yenye chaja yake ya volti 48, ya wimbi safi la sayini (usinunue lile la ngazi, UPS italikataa), na batri ya lithiamu ya 51.2V 100Ah. Hiyo ni seli 16, kilowati-saa 5 na kitu. Kwa mzigo wa wati 650 kama wa Fundi, ukitoa hasara ya inveta na ukaacha kidogo chini, unapata kama saa sita. Batri ya risasi ya aina yetu ukiitoa mpaka chini inavumilia mara mia chache tu, hii inakwenda elfu mbili na kuendelea. Kwa kazi ya kila siku ndiyo yake.

MamaKadutu

Asante baba. Sasa kama kuna inveta na saa sita, UPS ya nini tena? Si niitoe, nipunguze gharama za batri moja kwa moja?

MtuWaKatuba

Iache mama. Inveta nyingi zikihama kutoka umeme wa nje kwenda batri zinachukua milisekunde 10 mpaka 20. Taa hata haipepesi, lakini seva zingine zinavumilia, zingine zinajizima. UPS inaziba hilo tundu. Na siku inveta yenyewe ikifa, na itakuja kufa siku moja, UPS inakupa dakika za kuzima seva kwa heshima. Tofauti ni kwamba sasa batri zake zimerudi kwenye kazi ya kusubiri, zinaguswa mara chache, na ile miaka yake unaipata.

Kijana_Birere

Hapo umesema yote yaya. Naongeza kwa mama, lithiamu nayo inaghushiwa, kuna makasha yamejaa seli zilizotolewa kwenye magari ya umeme ya mtumba. Mwambie muuzaji aichaji ijae, aifunge mzigo mnaoujua wati zake, mhesabu saa mpaka ikate, mbele yako. Wati mara saa. Anayeuza kitu cha kweli atakubali, hata kama itachukua siku nzima dukani.

Fundi_Himbi

Mimi na yaya wa Lubumbashi tunabaki tofauti kwa kitu kimoja tu, ile ya kubadilisha kila miaka miwili bila kupima. Kwa joto lenu na friji ya damu naielewa kabisa, ningefanya vilevile. Ila kwa sisi wa Goma kalenda ingenidanganya pande zote mbili, hizi zimekufa kabla ya muda, na zingine kwenye kazi nyepesi zinaweza kuishi minne. Kwa hiyo nimechagua kupima dakika, na mama mkurugenzi amekubali kwa sababu sasa ana namba ya kuangalia, sio maneno yangu.

Kanuni ya IEEE (chama cha wahandisi wa umeme) inayohusu batri hizi zilizofungwa, ile ya 1188, inasema batri ikishuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake imefika mwisho. Niliuliza kwanza kwa nini 80, mbona bado inatoa dakika nyingi? Sababu ni kwamba kutoka 100 kwenda 80 inatembea polepole miaka, kutoka 80 kwenda chini inateremka kama jiwe, miezi au wiki. Zetu mpya zilitoa dakika 38, hiyo niliandika siku ya kwanza kwenye daftari, bahati nzuri. 80 ya 38 ni dakika 30. Ningekuwa nimepima kweli kila miezi mitatu ningeona ikigusa 30, ningeagiza. Na kwa huku kwetu kuagiza sio leo na kesho, batri nzuri mara nyingi inatoka Kampala au Kigali, kwa hiyo mimi nitaandika karatasi ikigusa 33.

Namna ya kupima bila kuhatarisha seva, naieleza maana kuna aliyeniuliza pembeni. Jumamosi mchana, bekapu imekwisha na imehakikishwa. Seva nazizima au nazihamishia umeme wa ukutani, kwenye UPS nafunga mzigo wa wati zilezile, sisi tunatumia balbu za zamani za wati 100 sita na ya 60 moja, zimepigiliwa kwenye ubao. Navuta plagi ya ukutani, naanza saa, nakaa hapo, kila dakika tano naandika volti za kila batri, maana dakika zinaniambia lini na volti zinaniambia nani. Batri moja ikianza kuachwa nyuma na wenzake kwa nusu volti au zaidi, hata kama dakika bado nzuri, mimi naihesabu mgonjwa. Halafu siruhusu kuteremka chini ya 10.5 kwa batri moja, hapo naacha. Ikiisha narudisha umeme na nahakikisha imechaji saa nyingi bila kukatizwa, kwa hiyo grupu siku hiyo iko na mafuta.

Na kitu cha mwisho ambacho nasema kwa uchungu. Hata na batri mbovu ile databezi haikupaswa kuumia. Tunatumia apcupsd, programu inayozima seva yenyewe umeme ukienda (wenye UPS za aina zingine wanatumia NUT) na niliacha namba zake kama zilivyokuja, azime ikibaki asilimia 5 au dakika 3. Hizo ni namba za kuamini makadirio, na makadirio ndiyo yalinidanganya. Seva zetu zinachukua dakika 6 kuzima vizuri, databezi kwanza. Sasa nimeweka zianze kuzima baada ya dakika 8 kwenye batri, kwa saa ya ukutani, haijalishi kioo kinasema nini, au ikifika asilimia 60, kinachotangulia. Nane na sita ni kumi na nne, na niko na 38. Hata batri ikichoka nusu bado nafunga mlango vizuri.

Ndosho243

Hiyo ya saa ya ukutani nimeichukua leo hii. Sasa umeamua nini, risasi au lithiamu?

Fundi_Himbi

Vyote, kwa hatua. Batri nne mpya za risasi ndani ya UPS mwezi huu, hatuwezi kukaa uchi tukisubiri bajeti. Inveta na lithiamu ya 51.2 mbele yake, mama mkurugenzi ameiweka kwenye bajeti ya miezi sita ijayo. Nilimwonyesha hesabu ya miruko 212 na bei ya kubadilisha batri kila miaka miwili kwa miaka kumi, akasoma kimya, akauliza tu kama ile lithiamu inaweza kuendesha pia kompyuta mbili za kaunta ili wamama wasirudishwe umeme ukienda. Inaweza, kama wati 120 zaidi, saa sita zinakuwa tano.

Fundi_Himbi

Narudi na matokeo. Batri zimefika Alhamisi, nilikwenda Birere na mizani ya mama yangu ya kupimia maharagwe, kilo 5.4, 5.5, 5.4, 5.4, volti 12.8 zote, tarehe ya kutengenezwa miezi minne nyuma. Zimepanda chukudu (kile kigari cha mbao cha kusukuma) mpaka mtaa wa Himbi zimefungwa na blanketi, nilitembea pembeni njia yote. Nimefuta vumbi jeusi la lava lililojaa kwenye feni ya UPS, lilikuwa kama unga, nadhani hilo nalo lilikuwa linaongeza joto. Zimechaji usiku mzima na siku iliyofuata.

Jumamosi saa nane nikavuta plagi. Dakika 37 na sekunde 20, batri zote nne zimeshuka pamoja, tofauti ya juu kabisa volti 0.1. Nimeandika kwa maka nyeupe ubavuni mwa kila moja tarehe, namba yake kwenye mstari, na 37. Jioni nikarudisha seva, nikavuta plagi tena nikiwa nimekaa nazitazama: dakika ya nane databezi ikaanza kujifunga, dakika ya kumi na tatu na nusu seva ya pili ikazima taa yake yenyewe. Feni zilinyamaza moja baada ya ingine.